Mjukuu wangu alichomwa sindano ya kuacha mnazi, mdomo wangu ukataka kumkosesha mke

Wakuu, hamjambo humu ndani. Walio wadogo nimeshawaitikia, marahaba nyote, kaeni kitako.

Mimi ni mama mtu mzima wa Kakuyuni, huku nyuma ya Malindi. Kusoma nilisoma ngumbaru, tena uzeeni, kwa hivyo mkiona herufi imekaa upande isukumeni wenyewe. Haya ninayowaeleza nimeyaona kwa macho yangu. Chumvi sitaongeza, presha imenikataza.

Nina mjukuu, jina lake Karisa. Nimemlea mimi tangu mamake alipofariki.

Alikuwa mgema. Anapanda mti asubuhi na jioni, anateremsha pombe yake, ile tunayoiita mnazi.

Sasa mgema kuonja si ajabu, ni kazi. Lakini Karisa alikuwa haonji, alikuwa anahamisha. Kibuyu kikifika chini ni nusu, nusu nyengine imeshuka naye tumboni. Na wenzake wa kunywa nao walikuwapo, majina yao yote ninayo kichwani, tena na ya mama zao. Sitawataja. Wengine wanasoma hapa.

Watu walikuwa wakimtazama kule juu kama mtu anavyomtazama kuku aliyesimama juu ya kamba ya nguo.

Na siku ikafika, akaanguka. Akaangukia shamba la mihogo la jirani yangu Kabibi. Mkono ukavunjika, na mihogo ikavunjika. Kabibi akanijia mbio analia, nikamkumbatia tukalia pamoja. Kumbe mwenzangu anaililia mihogo.

Hospitali wakamfunga mkono. Kulikuwa na sista mmoja, Mapenzi, msichana wa maneno machache. Akaniita pembeni.

"Hawe," (ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita nyanya) "huo mkono utapona. Na kiu je?"

Nikamwambia kiu tumeipiga vita mpaka tumechoka. Karisa ameapa kanisani, ameapa juu ya kaburi la mamake. Asubuhi anaapa akilia machozi ya kweli, jioni yuko kwa wenzake. Hakuwa mwongo, wakuu. Kiu ilikuwa na nguvu kumshinda.

Ndipo sista akatueleza habari ya sindano. Inachomwa mara moja kwa mwezi, kwenye tako. Dawa inakaa mwilini ikitoka kidogo kidogo mpaka mwezi uishe, kwa hivyo hakuna habari ya kumeza kidonge leo na kukificha chini ya ulimi kesho.

Alivyonieleza ni hivi. Kichwani mna mlango ambao raha ya pombe hupitia. Dawa inausimamia mlango ule. Ukinywa, ule utamu hauuoni, na hamu yenyewe inapungua.

Lakini akasema kwa ukali: pombe inabaki kuwa pombe. Ukijaza tumbo, miguu italewa na ini litaumia vilevile. Sindano inamsaidia anayetaka kusaidiwa, na lazima aje kwenye mazungumzo pamoja na wengine wanaoacha. Wakampima damu kwanza, waone ini likoje.

Jina la dawa msiniulize. Ya watu nayakumbuka yote, hilo limekataa kukaa. Nadhani ni kwa sababu sijui ni la ukoo gani.

Niseme na hili kwa wenye watoto wa unga, ule wa heroini. Pale kliniki tulikutana na Bi Rukia wa Mambrui na mwanawe Swaleh. Swaleh ni wa unga, na sindano ni hiyohiyo. Lakini hakuchomwa siku aliyofika. Sista alisema unga ukiwa bado mwilini, sindano itamwangusha kwa arosto, yale maumivu ya kukosa unga, palepale, kwa hivyo alikaa chini ya uangalizi mpaka ukatoka. Na akaonywa kwamba mtu aliyekaa bila unga, akirudia kiasi chake cha zamani, anaweza kufa nacho. Msitafute njia ya mkato. Nendeni kwa wanaojua.

Narudi kwa Karisa.

Siku ya kwanza, huyu mtu wa kupanda miti bila kamba alinishika mkono, akafumba macho, akaniuliza, "Hawe, ishaingia?" Na sista alikuwa bado anafungua paketi.

Miezi ikaenda. Akaacha kugema, akashika kazi ya kuezeka makuti kwenye mahoteli ya Bofa. Akaanza kula. Sima iliyokuwa ikibaki kwa kuku ikawa haibaki. Kuku wakakonda, mjukuu akanenepa.

Huko Bofa akakutana na Kadzo, msichana anayeshona makuti, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Wakapendana. Babake ni Mzee Ngumbao wa Marafa, mtu wa mila, hacheki hovyo.

Na hapa ndipo nilipoharibu mimi.

Tulikwenda Marafa kujuana. Wanaume nje, mimi jikoni na mamake Kadzo, Jumwa. Akanipa kikombe cha chai, akauliza kwa upole, "Mama, twasikia mjukuu wako alikuwa mtu wa mnazi sana. Sasa ikoje?"

Nami kwa kutaka kumsifu mtoto wangu nikasema, "Ondoa shaka, Jumwa. Amechomwa sindano. Ile ni kama kiapo. Hawezi tena."

Jumwa akaweka birika chini. Mimi nikaendelea kunywa chai, nikiona nimesema jambo kubwa.

Wakuu wa bara mtaniuliza ubaya uko wapi. Kwetu kiapo si maneno ya mdomoni. Ni dawa unayofungwa na mzee wa mila, na ina masharti. Ukivunja sharti kinakushika, unavimba. Na kikikushika hakiishii kwako, kinaingia nyumbani, kinashika mke, kinashika watoto wasio na kosa. Mzazi mwenye akili hampi binti yake mtu aliyefungwa kiapo.

Hatujamaliza juma, mwanangu Charo, ambaye ndiye aliyekuwa mjumbe wetu, akaja amekunja uso.

"Mama, ulisema nini jikoni kwa watu?"

"Nilisema mazuri tu."

"Mazuri gani! Ngumbao asema binti hatoki. Asema mjukuu wako ana kiapo."

Nikakaa chini. Hofu yangu haikuwa harusi peke yake. Niliogopa Karisa atavunjika moyo, aache sindano, arudi kulekule alikotoka.

Nilipomweleza akasema, "Hawe, ulinisifu ukapitiliza." Akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka.

Mwezi ukafika, nikamfuata mwenyewe kliniki, nisije nikaambiwa amekwenda hali hakwenda. Alikwenda. Nikamsimulia sista Mapenzi kosa langu. Alicheka mpaka akajipangusa machozi kwa kanzu yake nyeupe.

"Hawe, kiapo humfunga mtu. Hii inampa mtu nafasi ya kuchagua. Akinywa hatavimba wala hatakufa. Lakini asinywe!"

Charo akarudi Marafa na maneno hayo. Ngumbao akasikiliza, akasema, "Vyema. Leteni kadzama." Hicho ni kibuyu cha mnazi wa mahari, bila hicho hakuna ndoa ya Kigiriama. "Lakini kijana anywe mbele yangu. Akinywa nitajua hana kiapo."

Oneni mtego huo. Asiponywa, ana kiapo, mke hakuna. Akinywa hafi, ni kweli, lakini mie namjua. Karisa hajawahi kunywa bakuli moja likabaki moja.

Siku ikafika, tukaenda. Karisa akakataa mtu mwengine asibebe kile kibuyu, akakitia begani mwenyewe.

Desturi ni hii: binti anamiminiwa mnazi kwenye kata, anagusa mdomo, kisha mbele ya wazee wote anampa mwanamume anayemtaka. Akinywa yule, basi, huyo ndiye.

Kadzo akagusa. Akapiga magoti, akampa Karisa.

Ngumbao akaegemea mbele. "Haya kijana. Nywa."

Karisa akaipokea kata kwa mikono miwili. Mimi nimeshika mkono wa Charo, baadaye alinionyesha alama za kucha.

Mara akainamisha ile kata, akajimiminia kiganjani, akanawa uso. Akajimiminia tena, akanawa shingo, taratibu, kama mtu yuko kisimani kwao.

"Wee!" mzee mmoja akapiga kelele. "Mnazi unaogwa?"

"Mnazi mzima huo!" mwengine akalia.

Karisa uso unadondoka. Akasema, "Baba, mwenye kiapo cha mnazi hagusi hata kibuyu. Mimi nimeubeba begani kutoka kwetu, na sasa nimeuoga. Nitazame. Nimevimba?"

Ngumbao akainuka na fimbo yake. Akamwinua kidevu, akamtazama shavu hili na shavu lile kama anayenunua mbuzi.

"Hajavimba," akasema.

"Hakuna aliyenifunga, baba. Sindano yanisaidia, sikatai, tena nitaendelea kuchomwa. Lakini anayekataa mnazi ni mimi. Mnazi ndio ulionitupa chini kwenye mihogo ya watu. Binti yako nataka kuishi naye na akili zangu timamu."

Ndani ya nyumba nikamsikia Jumwa akisema, "Mpe mtoto wa watu mke wake!"

Ngumbao akakuna ndevu. "Amesema vizuri. Kiapo hana. Lakini kata imebaki nusu, na mnazi aliopewa mume haurudi kibuyuni. Lazima unywewe upande wa mume. Mila ni mila."

Wanaume wetu wakatazamana, kila mmoja anataka kujitolea, mnawajua. Lakini ni nani wa kunywa mahali pa bwana harusi?

Nikasimama mimi. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa nyanyake, huo ndio utani wetu, na huyu amerithi hata jina la marehemu mume wangu.

"Ngumbao," nikasema, "nyumba ya Karisa ina mke mkubwa, na ndiye mimi. Mume wangu akikataa kinywaji, nakimaliza mimi. Kisha ndipo nimfungulie mlango huyu mdogo."

Wazee wakaangua kicheko, hata Ngumbao akaonyesha meno, yamebaki machache lakini yalionekana yote.

Kadzo naye, bado amepiga magoti, akasema bila kuinua macho, "Nywa basi, mke mwenzangu. Lakini kupika tutapokezana."

Nikanywa. Wakuu, mchana ulikuwa wa jua kali, mnazi ulikuwa wa jana, na ile kata ilikuwa na kina. Nilipoirudisha chini, Ngumbao akasema, "Binti ni wenu." Vigelegele vikapigwa, na mimi nikajikuta nacheza bila ngoma.

Kurudi nyumbani, miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa nikimkokota Karisa njiani. Siku hiyo alinikokota yeye. "Taratibu, hawe, kuna shimo," ananiambia, na amenishika kiuno. Nilijifanya nimelewa zaidi kidogo ya nilivyolewa, ili asiniachilie.

Nililojifunza ni hili. Mgonjwa wako akipata dawa, muulize aliyeitoa inafanya nini, kisha sema hicho hicho, usikipambe. Sindano si uchawi wala kifungo. Ni mwezi kwa mwezi, na mwezi mwengine mtu anaamka vibaya, bado anahitaji wa kumsindikiza. Sasa anayemsindikiza ni Kadzo, mimi naambiwa nipumzike.

Nimemaliza. Kama una ndugu au mtoto anayepambana na pombe au unga, andika hapa chini tusikie, hata kama bado anakunywa.

Hasa kama bado anakunywa.