Fataki Nyekundu za Baba

Sisi tuliokulia Gare, kijijini kule milimani, enzi za magobole hatukuhitaji saa ya kutuamsha. Ulisikika mlio mmoja kule bondeni, kuku wakatawanyika, na mama akasema jikoni, "Huyo kakosa." Kwa mlio tu alijua kama nguruwe mwitu kapatwa au kakimbia na mahindi ya watu tumboni. Watoto wa leo ukiwaambia hivyo wanakutazama kama umechanganyikiwa. Mjukuu wangu anapiga bunduki kwenye simu kutwa nzima na haijamgomea hata mara moja. Namwambia, subiri ikugomee ndipo ujue bunduki ni nini.

Naandika haya nimesimama. Nimejaribu kukaa mara tatu, nimeshindwa.

Baba alikuwa na gobole la kibali, na shamba likivamiwa na nguruwe aliitwa yeye. Kilichompa jina hakikuwa shabaha, maana walenga shabaha walikuwa wengi. Jina alilipata kwa kuchagua fataki. Kwa wasiozijua, fataki ni kifuniko kidogo cha shaba, hakifiki punje ya hindi. Unakivisha nyuma ya mtutu, nyundo inakigonga, kinatoa cheche, baruti inashika. Isiposhika, umebaki na fimbo mkononi na nguruwe mbele yako.

Alikuwa nazo za aina mbili. Za njano zilikuwa za kawaida, za kiangazi. Nyekundu zilikuwa kali, na hizo alizitunza kwa ajili ya masika, ukungu unapolala Gare siku tano bila kuondoka, hata chumvi inalia maji kwenye kopo. Alikuwa akisema, "Baruti kavu inatosha kuguswa. Iliyolala kwenye ukungu inataka kugutushwa." Aliyeweka nyekundu kila siku alimwita mvivu wa kufikiri. Kila asubuhi alizimwaga kwenye ungo wa mama, akapitisha ukucha kwenye moja moja. Iliyoota kutu ya kijani aliitupa shimo la majivu, akasema, "Hii itakusaliti." Mimi Zaina, binti yake mkubwa, nilichuchumaa pembeni nikinusa ule ungo, harufu ya dagaa na shaba, nikijiona msaidizi wa waziri.

Nguruwe akipatwa, sisi Waislamu hatumgusi. Nyama ilikwenda kwa majirani zetu Wakristo, nao wakatuletea viazi na maharage mabichi. Idi walikula pilau kwetu, Krismasi tukanywa chai kwao. Hakuna aliyehitaji semina.

Basi, nifike ninapopaogopa. Kabla ya Idi moja, nikiwa na miaka kumi na moja, sisi watoto tulikuwa na mchezo wa kugonga fataki juu ya jiwe. Ya njano inalia kidogo. Nyekundu inapasua bonde zima, na aliyeigonga anaheshimiwa mpaka Idi ijayo. Niliitaka hiyo heshima. Nikaiba nyekundu tano kwenye kopo. Na kwa kuwa baba alijua idadi yake, nikaingia shimo la majivu, nikaokota nyekundu tano alizozitupa. Nikazisugua kwa majivu na ndimu kama mama alivyonifundisha kusugua sufuria. Nilikuwa hodari wa kusugua, kila mtu alinisifu. Kutu ikatoka, zikang'aa kuliko mpya, nikazirudisha koponi. Idi ile nilisikika bonde zima.

Wiki mbili baadaye masika ikashuka. Asubuhi moja tukaitwa shambani kwa jirani. Watoto tulikuwa na kazi yetu, kupiga madebe ili nguruwe watoke kwenye mahindi waelekee alipo baba. Mdogo wangu Hoza, wa miaka minane, alikuwa na debe kubwa kuliko yeye. Likatoka dume, badala ya kwenda kwa baba likageukia upande wa Hoza. Baba alikuwa na nafasi, hatua kama kumi. Akalenga. Nikasikia "ta", basi. Ukucha wake asubuhi ile haukukuta kutu, nilishaisugua yote.

Lile dume lilimchana Hoza paja mpaka mfupa. Baba alimbeba mgongoni mpaka hospitali ya Lushoto, mteremko na mlima, damu ikichuruzika kwenye kanzu yake. Alhamdulillahi, Hoza aliishi. Mguu haukunyooka tena.

Ile fataki ilipotelea matopeni, na lile kopo hakulihesabu tena, kwa hiyo baba akajitafutia maelezo yake. Kila aliyekuja kutoa pole alimwambia, "Macho yangu yalinidanganya. Nilichukua ya njano nikidhani nyekundu." Akarudisha gobole polisi. Mtu aliyekuwa akichagua kwa niaba ya kijiji kizima akaanza kumuuliza mama hata maharage ya mbegu, "Hebu niangalizie, haya ni mazima?" Mimi nilikuwepo. Nikanyamaza. Nikaolewa Mombo na ukimya wangu, nikazaa nao, nikapata wajukuu. Mahindi waliyamaliza nguruwe, sasa pale pamejaa kabichi.

Juzi nikapigiwa simu kwamba hali ya baba si nzuri. Nikapanda mlimani na jambo moja kichwani: mzee asizikwe akiamini ni macho yake. Nilimkuta kitandani, mwembamba, akili timamu. Nikamsalimu, nikamwuliza hali, nikazungumza habari za mvua, nikatoka, nikarudi. Mara ya nne nikasema yote, shimo la majivu, ndimu, Idi.

Nilitegemea anitukane, au alie, au aniambie nilikuwa mtoto. Akauliza, "Ndimu?"

"Ndimu, baba."

"Kwa hiyo nilichukua nyekundu."

"Ulichukua nyekundu."

Akainua mkono wake, akauangalia, mbele na nyuma. Kisha akasema, "Ahsante. Sasa nenda kamwambie mwenyewe. Mguu si wangu."

Enzi zetu kosa lilikuwa na mwisho wake. Ulichapwa mchana, ukalia, na jioni ukaitwa kula bada, ugali wetu wa muhogo, na wenzako kama hakuna kilichotokea. Siku hizi watoto hawachapwi, wanaketishwa na kuzungumzishwa, nasi wazee tunawacheka. Mimi nimekaa miaka yote hii sikuchapwa wala sikuzungumzishwa, na leo natamani chochote kati ya hivyo viwili. Waliokuwa na haki ya kunichapa, mama ameshazikwa, baba hawezi hata kushika kikombe.

Nikatoka nje. Hoza alikuwa anapanda kutoka shambani na tenga la kabichi begani, anatanguliza mguu mzima, anauvuta ule mwingine, kama alivyopanda kilima kile tangu utoto. Alipofika uani akatua tenga, akavua kofia, akainamisha kichwa mbele yangu mimi mkubwa wake.

"Shikamoo, dada."

Nikashindwa kuitikia.