Kuzima, Kusimamisha, Kungojesha

Nilizaliwa Kariakoo, katika nyumba ya watu wa pwani ambamo mtoto akikosea neno anachekwa mpaka alie. Kwa hiyo nilipoajiriwa kwenye chumba cha kompyuta cha shirika moja la umma, pale Mchafukoge, kazi moja haikunitia wasiwasi hata kidogo: kuandika maelezo ya mabadiliko. Kwa hesabu mtu angeweza kunizidi. Kwa Kiswahili, nani?

Kompyuta ilikuwa moja, imejaza chumba, na katika miaka ile ya Ujamaa kuagiza ya pili ilikuwa ndoto. Ndani yake kulikuwa na programu kuu iliyoigawa, kila idara ikajiona ina mashine yake peke yake: mishahara na yao, ghala na yao. Kila tulipoigusa programu hiyo, tulibandika ukutani maelezo mafupi ili maopereta walioiendesha wajue kilichobadilika.

Kisha akaja binti wa Kilimanjaro, ambaye baba yake alikuwa na duka la jumla Kariakoo. Lafudhi ya kwao ilisikika bado. Aliniita dada, akanichekea vizuri, nami nikampenda, mpaka alipoanza kuandika.

"Mashine ya mishahara haiwezi tena kusoma kumbukumbu za mashine ya ghala," aliandika. "Kabla ya leo iliweza, endapo zote mbili zimewashwa kwa pamoja."

Mimi ningeandika: "Tumeboresha usalama wa kumbukumbu." Mkuu wetu, mzee mpole, aliyasoma maneno ya yule binti kwa sauti, akaguna kama mtu aliyeonja pilau.

"Hapa sina swali," akasema.

Yangu hayakuwahi kukosa swali. Jioni ile nilikatiza Mnazi Mmoja nikiiga lafudhi yake peke yangu, watu wakinigeukia.

Siku moja tulibadilisha namna programu kuu inavyoshughulikia mashine ya idara iliyokwama. Nikawahi kuandika mimi: "Mashine ikikwama, programu kuu itaisimamisha."

Binti akasoma, akasita. "Dada, kusimamisha ni kuzima, au ni kungojesha?"

"Wewe ndiye wa kunifundisha Kiswahili?"

Akainamia karatasi zake. Lakini mzee alikuwa amesikia. Akawaita maopereta wawili, akawasomea sentensi yangu, akawauliza wangefanya nini.

"Imesimamishwa, basi imezimwa," akasema wa kwanza. "Naiwasha upya."

"Aa, mimi naiacha," akasema wa pili. "Imesimama tu, itaendelea."

Wa kwanza angefuta kazi yote iliyokuwamo. Mzee akampa binti kalamu, mbele yangu. Binti akaandika: "Mashine ikikwama, programu kuu itaingojesha. Kazi yake haitapotea. Msiiwashe upya."

Nyumbani nilimkuta mama anakaanga samaki. Nilitaka mtu wa upande wangu. "Mama, kusimamisha maana yake nini?"

"Kusimamisha nini?" akauliza bila kugeuka. "Gari, mtu, au nyumba?"

Samaki hao sikuwala.

Baadaye ilipatikana nafasi moja ya masomo ng'ambo, akapewa yeye. Nilijua atapewa yeye, na bado iliniuma. Siku ya kuaga alinivuta pembeni.

"Dada, mimi Kiswahili nilikijulia shuleni," akasema. "Kila neno naliuliza kwanza kama kweli nalijua. Wewe una bahati, yanakujia yenyewe."

Hakuwa akinisema vibaya. Ndicho kilichoniuma zaidi: alikuwa akinionea wivu mimi, na wivu wake ulikuwa na adabu kuliko wangu.

Alipoondoka, maelezo yote yakawa yangu. Nikawa kabla ya kubandika nampa opereta asome na aniambie angefanya nini. Akikosea, sikumlaumu yeye, nilibadilisha neno. Nilijifunza kutoandika "tumeondoa tatizo" pale tulipolipunguza tu. Kazi ikanoga, hata nikawa nafika mapema.

Asubuhi moja mzee akasoma maelezo yangu mpaka mwisho, akatabasamu. Moyo ukanipanda.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa unaandika kama mwenzako."

Nikasema, "Asante, mzee," nikaenda kubandika karatasi ukutani. Nilizigonga pini kwa nguvu mno, mpaka moja ikapinda.