Siku Niliyofundisha Viazi Biolojia

Mimi ndiye niliyeloweka viazi vya wakwe wa Kendi kwenye maji ya chumvi. Nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na mtu mwingine, maana hapa Kanyakine habari imeshafika sokoni na kurudi, na kila anayeisimulia anaongeza kijiko chake.

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kutembea. Nyumba yangu, kuku wangu, redio yangu, nimetosheka. Lakini Kendi ni binti ya kaka yangu, na wakwe wake watarajiwa walikuwa wanakuja kutoka Embu, kule chini kwenye joto, na mama ya kijana alikuwa ameshasema (maneno hutembea kuliko mimi) kwamba hajui kama huyu msichana aliyesomea mjini anaweza kulisha mtu. Basi Kendi akaja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Anti, nyama watachoma kina baba. Wewe nifanyie mukimo tu. Wakishiba vizuri wataniangalia vizuri."

Mukimo tu. Viazi, mahindi, maharagwe, majani ya malenge, unaponda. Hata mtoto anaweza.

Jioni kabla ya siku yenyewe tulikaa wanawake nyuma ya nyumba ya kaka yangu tukimenya viazi, na desturi ni kuviacha kwenye maji matupu visiwe vyeusi, basi. Lakini jirani yangu Mama Mwenda akasema hivi viazi ni vya maji, vitakuwa uji, na mimi niliyekuwa nimekaa wiki nzima bila mtu wa kuongea naye ila kuku, nikakumbuka Biolojia.

Nikawaambia kiazi kimejaa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kimezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na utando huo una ubaguzi: maji unayaruhusu kupita, chumvi unaiacha nje. Kidato cha tatu tulikata vipande viwili, kimoja tukakitia kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi, na baadaye kimoja kilikuwa kigumu kama penseli na kingine kimelegea kama kamba ya kiatu. "Kigumu ni kile cha chumvi," nikasema. (Si cha chumvi. Chumvi hukaa nje ikiyavuta maji ya kiazi yatoke, hata mtoto wa sasa anajua. Mimi nililikumbuka somo lote vizuri sana, ila nilibadilisha vyombo.)

"Na hiyo chumvi yote tutaila?" akauliza Mama Mwenda.

"Haiingii. Utando unaikataa."

"Utando wa nani?"

"Wa kiazi."

"Haya, profesa," akasema, nami nikamwaga pakiti nzima.

Asubuhi nilishika kipande kwa ncha moja, ncha ya pili ikainama kama sikio la mbuzi. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikasema chumvi haijatosha, nikaongeza pakiti mbili, na kufikia saa nne ungeweza kufunga mzigo wa kuni kwa viazi vile. Mama Mwenda akaniambia, kwa upole ambao si wake, "Mwaga hayo maji, tuoshe, tupike kama watu." Nikakataa. Nikaona ikiwa chumvi haiingii, kwa nini tupoteze maji, si tuchemshie humo humo na mahindi na maharagwe? Kumbe utando ule ukipata moto unaharibika, na mlinzi akianguka lango liko wazi, kila kitu kinaingia. Hilo nalo lazima tulifundishwa, lakini siku hiyo nadhani nilikuwa naangalia dirishani. Na sikuonja. Ningeonja vipi na sayansi ilikuwa upande wangu?

Wageni wakapakuliwa. Baba ya kijana, mzee mpole mwenye presha, alitia tonge moja mdomoni, akaangalia ukuta, kisha akanyoosha mkono polepole kutafuta maji. Halafu mwingine. Halafu meza yote ikawa ni kupitishiana jagi. Mama ya kijana akamtolea mumewe sahani mbele yake, akauliza bila kupandisha sauti, "Nani amepika hii?"

Kendi akaniangalia. Ningesema pole, mambo yaishe. Badala yake nikasimama na mwiko wangu nikaanza, "Mama, kwa kawaida chumvi haiwezi kupita kwenye utando..."

"Hapa imepita," akasema.

"Imepita na watoto wake," akaongeza mjomba wa kijana, na hata kaka yangu akacheka, kaka yangu mwenyewe, akinywa maji.

Kendi hakucheka. Aliinuka akaenda nyuma ya ghala, na nilipomfuata nikamsikia akivuta kamasi, nikarudi kwa sababu sikuwa na neno la kumwambia ila Biolojia. Maji ya kunywa yaliisha kabla mazungumzo hayajaanza vizuri, na wazee wa Embu wakasema njia ni ndefu, watapiga simu. Mnajua wakwe wakisema watapiga simu ni nini. Usiku mzima sikulala, na nilipomwandikia Kendi alinijibu "Niko sawa anti", basi.

Nimeapa mbele ya Mungu sitapika tena kwa kitu nilichosoma shuleni, na kwamba mtu akiniambia mwaga, nitamwaga. Lakini kiapo hakirudishi wakwe, kwa hivyo asubuhi nikaenda kwenye ua wa Mama Mwenda nikitafuta mtu wa kunidanganya kidogo. Alikuwa anachagua maharagwe. Nikamuuliza kama kweli ilikuwa mbaya hivyo, na kama nimemharibia mtoto wa watu ndoa yake.

Hakuinua hata macho. "Kendi ataolewa, wacha kujisumbua. Ni mbwa wangu alikula ile mukimo mlitupa, huyo ndiye sijui kama atapona."