Samaki Ambao Mama Simone Hali

Mama Simone anaanika chisense, vile visamaki vidogo vya Ziwa Mweru, pale Kashikishi, upande wa Zambia. Kutwa nzima anapiga magoti kwenye muchanga akivigeuza, lakini hali hata kimoja. Bwana yake, Ngoy, alizama mwaka wa 2017 walipokuwa wakivuka kutoka Kongo, na mwili haukuonekana. Katika ukoo wao, ziwa likimuchukua mutu lisimurudishe, watu wake hawali samaki wa ziwa hilo tena. Kwa hiyo yeye anakula mikate ya mafuta na chai ya sukari nyingi.

Magoti yakavimba. Muuguzi akamwambia gegedu, ule utando laini wa kati ya mifupa ya goti, limelika: apunguze uzito, sukari na mafuta, ale mboga na samaki.

“Haitaponyesha, mama, lakini maumivu inaweza kupunguka.”

Mimi jirani yake nilimukasirikia aliposema samaki hawezi kula. “Miaka yote hii! Ngoy angependa utambae kama mutoto?”

Jioni alichemsha chisense sahani moja, akaketi akilipa ziwa kisogo. Kila kimoja alikitafuna polepole, akikipapasa kwa ulimi, kama mutu anayeogopa kukuta mufupa anaoujua.