Tulivyowaita wateja watusaidie kutangaza kukatika kwa umeme Sumbawanga, enzi za Ujamaa

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Saa nane na dakika ishirini mchana, siku ya soko, umeme ulirudi Sumbawanga ukiwa dhaifu, na mota ya mashine ya kusaga pale Milanzi ikaanza kunguruma bila kuzunguka.

Naanzia hapo kwa sababu ndipo ilipoonekana kwamba kazi yetu imeharibika. Niliyoyaona nitayasema. Nisiyoyaona nitasema sikuyaona.

Ilikuwa miaka ambayo dizeli ilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe haikuwepo. Mimi nilikuwa karani wa shirika moja la umeme. Jenereta zetu zilitegemea lori la mafuta kutoka Tunduma. Lori likikwama, tunakata.

Matangazo ya kukata tulikuwa tunayabandika mlangoni pa ofisi. Waliokuwa wanayasoma ni sisi tuliokuwa tunayabandika.

Makao makuu wakaagiza kila tawi lichague wateja wa kuwasemea wenzao, wakae na ofisi kurekebisha matangazo. Tukawapata wawili. Wa kwanza alikuwa Mzee Deo, katekista, mwenye taa nne nyumbani na malalamiko zaidi ya hapo. Wa pili ni Mama Skola, msimamizi wa mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama wa Milanzi.

Mama Skola hakufuata cheo. Mota ya kikundi ilikuwa imeshaungua mara moja, ikapelekwa Mbeya kusukwa upya nyaya zake. Wenzake walimwambia wazi: ikiungua tena, mashine inauzwa na kila mtu anarudi kwenye kinu na mchi.

Kwa wasiojua: umeme ukikatika mahindi yakiwa ndani ya mashine, halafu ukarudi na nguvu ndogo, mota inashindwa kuanza. Inavuta, inapata moto, inaungua.

Mtasema, si uzime swichi umeme ukikatika? Kweli. Lakini wakati huo wote mmeinama mnatoa mahindi, na swichi iko ukuta wa pili.

Kikao cha kwanza, meneja akawasomea tangazo letu. Mzee Deo akasikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Ndugu Meneja, huyu anayesema hapa hana wazazi?"

"Kwa nini, mzee?"

"Hajamsalimia mtu. Anaingia kwa watu na kukata tu."

Sote tuliona hoja. Ikaamuliwa tangazo litembezwe kwa gari la shirika lenye spika, nisome mimi, na lianze kwa salamu kamili. Wazee wetu shikamooni. Akina mama, habari za kutwa, habari za mashamba, poleni na kazi. Kisha saa za kukata.

Siku ya soko tukatoka, dereva akiwa Sudi, kijana wa ukoo wa wenye malori pale mjini. Nikasalimia.

Wakuu, watu waliitikia.

Mnaoijua Ufipa mmeshaelewa. Mtu alitua mzigo, akainama, akapiga makofi taratibu, kisha akajibu habari za shamba kikwelikweli, kwamba ulezi unaliwa na ndege. Alipomaliza, gari limeshapinda kona. Mtaa uliofuata ukasikia saa bila kujua ni saa za nini.

Sudi alifurahi sana. "Karani, hata sheikh wetu hajawahi kuitikiwa hivi."

Umeme ukakatika, hakuna aliyejiandaa. Uliporudi dhaifu ndipo mota ikanguruma. Mama Skola aliruka magunia akawahi swichi. Hilo sikuliona. Nililoliona ni goti lake lililochunika, jioni, kikaoni.

Meneja alisema, "Mlitaka salamu, mmepata salamu. Kesho tunarudi kwenye karatasi."

Mzee Deo aliangalia kofia yake. Mama Skola ndiye aliyejibu.

"Baba, mlitusalimia huku mnaondoka. Kwetu, anayesalimia huku anatembea ni mwenye deni anayemkwepa mdai wake."

"Sasa mama, gari lisimame kila nyumba?"

"Lisimame penye watu. Bombani, sokoni, kwangu. Lizimwe. Tuitikie tumalize. Halafu mseme, na sisi tuwaulize."

Meneja akafikiri. "Likizimwa tunaokoa mafuta," akasema. Ndiyo hoja pekee ambayo makao makuu wangeielewa.

Safari iliyofuata tukasimama bombani. Nikasalimia, nikangoja. Wakaitikia mpaka wakamaliza. Nikataja saa za kukata na za kurudisha. Bibi mmoja akauliza:

"Ukirudi, utarudi mzima au mgonjwa?"

Swali hilo halikuwa kwenye tangazo lolote nililowahi kuandika. Nikamjibu, "Mgonjwa, bibi. Ngojeni taa ziwe nyeupe ndipo muwashe mashine." Toka siku hiyo sentensi hiyo ikawa ndani ya kila tangazo.

Tulifika Milanzi mapema. Mama Skola akamaliza debe lililokuwa kwenye mashine, akazima swichi, akaketi mbele yake. Umeme ukakatika. Ukarudi mgonjwa, taa nyekundu kama kaa la moto.

"Washa, mama, jua linakwenda!" wenye mahindi wakapiga kelele.

"Wewe unayesema washa, mota utaisuka kwa ukili?"

Alikaa pale wakimsema mpaka taa zikawa nyeupe. Akawasha. Ikazunguka.

Nilichojifunza: ukimwita mteja mara moja unapata lawama yake. Mwite tena baada ya wazo la kwanza kushindwa, ndipo mtaanza kufanya kazi pamoja. Sisi tulibakiza kidogo tuufunge mlango, pale meneja aliposema tunarudi kwenye karatasi.

Mliofanya kazi za huduma kwa wateja, na wenyeji wa Sumbawanga wa miaka ile, wekeni yenu hapa chini, hata ya kunipinga.

Kwa atakayeuliza hasara ya siku hiyo ya pili: kwa taarifa tulizopata, mji mzima kiliungua kitu kimoja, friji la meneja. Gari halikupita kwake, kwa kuwa tuliamini anajua. Fundi alimtoza shilingi mia sita.