Dada wa Seli na Mapafu ya Kaka

Kazini walimwita Mama Seli, ingawa hakuwa na mtoto. Aliajiriwa katika maabara kulea seli za mapafu ya binadamu, zilizooteshwa ndani ya visahani vya plastiki. Kila asubuhi alizitoa kwenye kabati la joto, akazibadilishia maji ya lishe, akazichungulia kwa hadubini na kuziamkia.

"Hamjambo humo?"

Wenzake walimtania. "Siku zikikuitikia, tuite haraka."

Mwaka ule Profesa, mkuu wao, alitaka kujua seli iliyochoka inapambana vipi na virusi. Kila seli inapofanya kazi huzalisha chembe kali za oksijeni, na yenyewe ina namna ya kuzizima. Zikizidi uwezo wake, zinaanza kuiunguza kwa ndani. Hali hiyo Profesa aliiita msongo wa oksidi. Basi Mama Seli alikuwa akitia baadhi ya visahani matone machache ya ile dawa ya kuoshea vidonda, inayotoa povu. Hayakutosha kuziua seli, yalitosha kuzichosha tu. Baadaye aliviwekea visahani vyote virusi vya mafua makali.

Alichokiona kilimnyima raha. Seli zenye afya zilijikaza hadi siku ya tatu. Zilizochoshwa hazikufika popote. Asubuhi ya pili zilikuwa zimejikunyata, nyingine zimebanduka na kuelea ovyo, na virusi ndani ya kisahani vilikuwa vingi maradufu, tena na tena. Kibaya zaidi, virusi vikishaingia huongeza msongo ule ule, kwa hiyo seli inaungua huku inaibiwa. Alirudia jaribio mara sita. Mara zote sita aliona jambo lile lile.

Jumatatu moja, baada ya kumaliza kuweka virusi, alivua glavu ya nje na kuona kidole gumba chake kimelowa kwa ndani. Akaijaza maji chini ya bomba aone kama imetoboka. Likatoka tone moja, jembamba kama uzi.

Sheria ilijulikana: toa taarifa papo hapo. Lakini wiki iliyotangulia Profesa alikuwa amemfokea mwenzao mbele ya watu wote kwa uzembe. Mama Seli alinawa mikono mpaka ngozi ikawasha, akaitupa glavu kwenye pipa la takataka za hatari, akanyamaza. Nilivaa mbili, alijifariji. Ya ndani ilikuwa nzima. Ila hakuwa ameikagua ile ya ndani.

Siku mbili baadaye alikwenda kumsalimia kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaani walimwita Cheche. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Ndiye aliyemsuka nywele za shule, vibaya sana, akisema mistari imepinda kwa sababu kichwa ndicho kimepinda.

Alimkuta ameketi mlangoni, macho mekundu, anakohoa. Kwa wiki tatu alikuwa akichomelea ndani ya tangi kubwa la chuma, anaingia kwa tundu la juu na kushinda humo na moshi wake.

"Kaka, humo hamna feni?"

"Feni ya nini? Mimi nimezoea moshi. Siku nikivuta hewa safi nitazimia."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Mama Seli alimpigapiga mgongoni kwa mkono ule ule, kisha wakala pamoja.

Ijumaa asubuhi wifi yake alipiga simu. "Wifi, kaka yako anachemka. Nimemwamsha, haelewi ni siku gani."

Alipofika hospitali, Cheche alikuwa kitandani na barakoa ya oksijeni, midomo imegeuka rangi. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka mbio mbio, na mbavu zilijichora kila alipovuta pumzi.

"Ni mafua makali," alisema daktari wa wodi. "Yameshuka kwenye mapafu. Anavuta sigara?"

"Havuti," wifi alijibu. "Ni fundi wa kuchomelea."

Daktari alitikisa kichwa. "Basi mapafu yake yalishachoka kabla virusi havijafika."

Wifi alisikia habari ya ugonjwa tu. Mama Seli aliona kisahani cha siku ya pili, seli zimebanduka zinaelea. Alitazama kifua cha kaka yake, akashika chuma cha kitanda.

Kisha likamjia jingine, baya kuliko lile. Jumatatu glavu. Jumatano mgongo wa kaka. Ijumaa homa. Yeye mwenyewe hakuwa na hata chafya, lakini aliwahi kusikia kwamba mtu anaweza kubeba virusi bila kuugua. Je, kama ni mimi?

"Wifi, mbona unatetemeka?"

"Baridi tu."

Hapakuwa na baridi yoyote. Aliaga, akatoka, akaenda moja kwa moja maabara.

Njiani wazo lilimshika. Kwenye friji ya maabara kulikuwa na unga mweupe ambao Profesa alizipa seli ili kuzipunguzia msongo. Visahani vilivyopewa unga ule vilidumu siku nzima zaidi. Alifungua friji, akachukua kichupa, akakitia mfukoni. Mkono ulikuwa ungali mfukoni Profesa alipoingia.

"Leo si ulipiga simu kuomba ruhusa?"

Angeweza kudanganya. Ulimi ulishakuwa tayari kabisa. Badala yake alikitoa kichupa, akakiweka mezani, na machozi yakamtoka. Alisema yote bila kupumua: kaka, tangi, midomo, Jumatatu, tone la maji kama uzi.

Profesa hakufoka. Alivuta kiti, akaketi.

"Glavu ya ndani uliikagua?"

"Hapana."

"Ulimgusa?"

"Nilimgusa. Tulikula pamoja."

Profesa alichukua kichupa. "Huu wa kwetu ni wa visahani. Kisahani hakina ini, hakina figo, hakina moyo. Dawa atakayopewa ataamua daktari wake, si mimi wala wewe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Profesa. Lakini nataka kujua kama ni mimi niliyempelekea."

"Na mimi nataka kujua. Virusi vyetu vina alama zake kwenye vinasaba, havifanani na vya mtaani. Nitampigia daktari sasa hivi, tupate sampuli ya koo lake. Na la glavu litaandikwa. Hilo sitalificha."

"Liandikwe."

Majibu yangechukua siku tatu. Mama Seli alipimwa na kuambiwa akae nyumbani peke yake, wala asikanyage wodini. Ndiyo ikawa adhabu kubwa kuliko zote. Alikaa na simu mkononi, ikilia anaogopa kupokea, isipolia anaogopa zaidi. Jumamosi wifi alisema Cheche amewekewa mashine ya kumsukumia hewa kupitia barakoa. Jumapili alisema hali ni ile ile, kisha akaanza kulia, na Mama Seli hakuthubutu kumwambia anachokijua.

Jumatatu simu ilikuwa ya Profesa.

"Si vyetu," alisema. "Ni vya mtaani, na mafundi wenzake wawili wanavyo hivyo hivyo. Majibu yako wewe ni safi."

Mama Seli alitaka kufurahi, lakini furaha haikuja, kwa sababu kaka yake alikuwa bado kwenye mashine, na kisahani kile hakikumtoka machoni. Aliomba ruhusa ya kwenda wodini. Siku nne alikaa ubavuni mwa kitanda, anaogopa kupepesa macho. Ya tano, kifua kilianza kutulia. Ya saba, Cheche alivua barakoa mwenyewe, akamtazama muda mrefu.

"Nani kakusuka hivyo?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza. "Mistari imepinda."

Alilazwa siku kumi na tisa. Alirudi amepungua, na ngazi sita zilitosha kumkalisha chini. Daktari alimkataza kuchomelea ndani ya chumba kisicho na hewa. Tangi lile lilikamilishwa na wengine, safari hii kwa feni na bomba la kuvutia moshi nje, kwa sababu Mama Seli alikwenda mwenyewe kwa msimamizi wao na kugoma kuondoka mpaka akasikilizwa.

Maabarani alitolewa kwenye chumba cha virusi kwa miezi mitatu, akawa anaosha vyombo. Hakulalamika. Habari ya glavu alimweleza wifi yake wiki moja baadaye, wakiwa wanaanua nguo. Wifi alikunja shati, akalikunja tena. "Ungeniambia siku ile," alisema mwishowe, "ningekufukuza." Kisha akampa upande mmoja wa shuka wakunje pamoja.

Mpaka leo, Cheche akisinzia kwenye kiti baada ya kula, dada yake husogea karibu na kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Wakati mwingine anahesabu mara mbili.