Ngumi Zilizompeleka Mwenzake Austria

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi, mkono wa kulia wa Orest Wasylenko, uliovimba kwa ngumi za mechi iliyopita, umo ndani ya ndoo ya barafu. Wa kushoto umeshika simu. Kwenye simu kuna picha ya mwanamume anayecheka, mtoto mmoja begani, mwingine kashika suruali yake. Nyuma yao ni mlima, na mbele ya mlima ni gari jeupe lililoandikwa jina la mwanamume huyo mlangoni.

"Mwone," anasema Orest. "Gari wamempa. Nyumba wamempa. Hata jua wamempa, mshenzi huyu."

Mshenzi huyo ni Kirby Thibault. Misimu minne walicheza beki bega kwa bega katika Wakataji Miti, timu ya magongo ya barafuni, hapa Port Delorme kwenye ufuko wa Ziwa Superior. Huu ni msimu wa tatu Kirby anacheza Austria. Orest, mwenye umri wa miaka thelathini, bado yumo katika chumba kilekile cha kubadilishia nguo, chini ya bomba lilelile linalovuja.

"Sema nina wivu," anasema. "Usizunguke. Nina wivu mpaka chakula hakipiti."

Mjini hapa wapo wanaosema kwamba anayekwenda kucheza ng'ambo ni aliyeshindwa. Wanasema hivyo wakiwa vitini, bia mkononi. Hawasemi kwamba Orest hulipwa dola mia saba na hamsini kwa wiki kabla ya kodi, na kwamba msimu ukiisha hupanda mapaa ya watu kupigilia misumari. Hawasemi kwamba hucheza mechi sabini na mbili, nyingine akitoka kulala kwenye basi. Wala hawasemi kwamba mwenye timu anaweza kumpigia simu wakati wa chakula, na kabla sahani haijaoshwa amekwisha kuwa mali ya mji mwingine.

Kule mechi ni hamsini na kidogo. Mchezaji hulala kitandani kwake. Nyumba ni ya klabu, mkataba ni wa msimu mzima, na mtoto huanza na kumaliza mwaka katika shule moja. Hilo la shule ndilo lililoondoa wengi, kuliko fedha.

Port Delorme ina kumbukumbu, hata kama mwenye timu angependa isiwe nayo. Kiwanda cha karatasi kilipofungwa, bwana huyo aliwaomba wachezaji wakatwe mishahara "kwa ajili ya mji." Wakakatwa. Mwezi uleule akafungua duka lake la pili la magari. Mwaka uliofuata akambadilisha kipa kwa basi kuukuu, na basi lenyewe halikumaliza majira ya baridi. Kisha tunaulizwa kwa nini vijana wanakimbia!

Ila Orest hakubaki kwa kupenda. Alibaki kwa kosa lake mwenyewe, tena kosa ambalo ni mtu wa hapa tu angelifanya.

Miaka mitatu iliyopita, wakala wake alimwambia klabu moja ya Austria inatafuta beki, atume video ya dakika chache. Orest na mkewe, Jolene, walikaa wiki nzima wakichagua. Wakajaza ngumi. Hapa wachezaji wawili wakitupa glovu, refa husogea pembeni, uwanja mzima husimama, na anayepigana kwa ajili ya wenzake hanunui bia yake mwenyewe mji mzima. Angewapelekea nini kingine?

"Niliweka na muziki juu yake," anasema Orest. "Niliona nawatumia dhahabu."

Kule anayepigana hutolewa nje. Na klabu yenye nafasi chache za wageni haimlipi mgeni akakae jukwaani. Kocha wa Austria aliitazama video mpaka mwisho, akampigia wakala, akauliza swali moja: "Yule beki mwenzake, anayetoa pasi safi kabla huyu wako hajaanza ugomvi, anaitwa nani?"

Kirby alikuja kuaga na boksi la donati.

"Tulikula," anasema Orest. "Ningefanyaje? Na zilikuwa tamu, hilo ndilo lililoniuma."

Jolene, msaidizi wa daktari wa meno, hucheka akisikia hadithi hiyo, lakini si sana. "Hamchukii Kirby. Anampenda, ndiyo shida yenyewe. Mtu usiyempenda hakunyimi usingizi hivi. Siku Kirby alipotuma picha ya mkate aliouoka mwenyewe, huyu alinuna siku mbili. Mkate, jamani!"

Wiki hii mlango umefunguka tena. Klabu nyingine ya ligi ileile ya Austria inataka beki kwa msimu ujao. Kocha msaidizi wao ataitazama mechi ya leo kupitia mtandao. Maneno ya wakala yalikuwa machache: "Ukitupa glovu, usinipigie tena."

Shida ni kwamba wageni wa leo wanakuja na Brodie Scholz, aliyemvunja mtulinga nahodha wa Wakataji mwezi uliopita. Baada ya mazoezi ya asubuhi, Kocha Lorne Hadfield anasimama mbele ya wachezaji, anamgeukia Orest, ambaye wachezaji wote humwita Waso.

"Waso, zamu ya kwanza kabisa. Scholz ni wako."

"Kocha, leo nataka kucheza."

"Kucheza? Nani alikwambia nakulipa ucheze?"

Chumba kizima kinaangua kicheko. Orest naye anacheka, maana asipocheka atalia. Akipigana, Austria imekwisha. Asipopigana, atawekwa benchi, na aliyekaa benchi haonekani kwenye mtandao wala popote.

Saa moja jioni uwanja umejaa. Zamu ya kwanza, Scholz anamfuata mpaka pua zinakaribia kugusana.

"Waso! Glovu zako zimeshonwa?"

"Nenda kacheze, Brodie."

"Nimekuvunjia nahodha, na bado unanisalimia? Mkeo anajua kaolewa na nani?"

"Anajua. Wako je?"

Jukwaani wameanza kuimba: "Mpige! Mpige!" Mama mmoja mwenye kofia ya Wakataji anapiga kwa viganja kioo kinachozunguka uwanja: "Wasylenko! Nimelipia tiketi nije kukuona ukiteleza?"

Glovu hazitoki. Scholz, kwa hasira, anamchapa gongo la mkono, mkono uleule uliovimba. Refa anapuliza, Scholz anatolewa dakika mbili, na Wakataji wenye mtu wa ziada wanafunga. Goli hilo linapigiwa makofi ya adabu. Ingekuwa damu, paa lingeng'oka.

"Kaa chini," anasema Hadfield. Orest anakaa. Kipindi cha pili kinapita akiwa ameketi, taulo shingoni, watu wa nyuma yake wakimwita kuku mwoga.

Kipindi cha tatu, beki mmoja anavunjika kifundo. Hadfield anaangalia benchi kulia, anaangalia kushoto. Hana mwingine.

Ndipo Orest anapocheza. Anakitoa kisahani, kile cheusi cha mpira, kwenye kona yake bila pupa, anainua kichwa, anatoa pasi ndefu inayopita katikati ya watu watatu. Anarudia. Anarudia tena. Wakataji wanafungwa tatu kwa mbili hata hivyo, na chumbani hakuna anayemsemesha.

Simu ya wakala inafika akiwa koridoni na Jolene. Wamependa walichoona. Wanataka kuona mechi mbili zaidi kabla ya kuandika mkataba. Kama Hadfield atampa hizo mechi mbili, au mwenye timu atamuuza Jumatatu, hakuna ajuaye.

Kisha inalia simu nyingine. Kule Austria bado hakujapambazuka.

"Waso, kaka! Nimekesha nikikuangalia. Pasi ile ya mwisho umeniibia."

"Ilikuwa yangu. Wewe uliazima."

"Sikiliza. Na kwetu kuna nafasi msimu ujao. Nikuombee? Tucheze pamoja tena, kama zamani."

Orest anahamishia simu sikio la pili. Jolene anamkazia macho.

"Hapana, Kirby. Asante, lakini niache niende kwa hao wanaonitazama."

"Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu nyinyi na wao mnakutana mara nne kila msimu."

Kirby anacheka mpaka anakohoa. Orest hacheki. Simu ikikatwa anaegemea ukuta, na mpango wake anautoa wote, kama mtu aliyeufanyia mazoezi miaka mitatu.

Atacheza mechi zilizobaki bila kutupa glovu, hata wakimwita kuku mpaka Aprili. Atajifunza Kijerumani na Jolene jikoni. Halafu Oktoba, Kirby aje kwenye kona yake, watoto wakiangalia. "Nitambana ukutani kihalali kabisa. Refa aone, asipulize. Mechi ikiisha, nitamwalika kwetu ale chakula."

"Kwetu wapi?" anauliza Jolene.

"Kwenye nyumba watakayotupa," anasema Orest. "Na naomba Mungu iwe na chumba kimoja zaidi ya yake."